LISOMO LA ELIMU YA URAIA: BALOZI WA INCHI 27



Juma lililopita, saa ya masomo ya mangaribi, kijana mumoja wa kilasi cha pili alituuliza: « Ulaya si inchi. Basi ule balozi wa Umoja wa Ulaya kule Kinshasa alitumwa na nani? » Sisi, kwa haraka ya wakubwa, tulimujibu kwamba huyo anakamata nafasi ya mabalozi wote wa Ulaya. Kiisha tukafungua vitabu, tukaona tumemudanganya. Mutu akifundisha vibaya mbele ya watu, sherti asahihishe mbele ya watu. Njo maana ya lisomo hili.

1. Shida iko wapi?

Kazi ya mabalozi inaongozwa na Mukataba wa Vienna wa tarehe 18/4/1961. Ule mukataba unasema juu ya inchi inayotuma na inchi inayopokea. Umoja wa Ulaya si inchi: ni inchi 27 zilizofungana pamoja. Kwa hiyo, mbele ya kufungua nyumba yake mahali, sherti upatane kwanza na serikali ya pale, ili wajumbe wake wapewe heshima na ulinzi kama wa mabalozi.

Kuna mufano. Uingereza ilitoka katika Umoja tarehe 31/1/2020. Kiisha ikakataa kumupa mujumbe wa Umoja kule London heshima yote ya balozi, ikisema anatoka katika shirika, si katika inchi. Wakabishana mpaka mwezi wa 5 mwaka 2021, njo wakapatana.

2. Namna ilivyoanza

Haikuanza na mabalozi. Mwaka 1954, inchi 6 zilizounganisha makaa na chuma zilifungua ofisi ndogo ya habari kule Washington. Kiisha ikaja Afrika. Tarehe 20/7/1963, kule Yaoundé, inchi 18 za Afrika pamoja na Madagascar, na Kongo yetu ndani, zilipatana na zile 6. Feza za maendeleo zikatoka, na mwenye feza anapenda kujua zinafanya nini. Basi wakatuma watu wa kuangalia kazi za barabara, mashule na mahospitali. Mukataba wa Lomé wa tarehe 28/2/1975 ulileta inchi 46 za Afrika, Karaibi na Pasifiki, na zile nyumba zikaongezeka.

Kwa hiyo tuone vizuri: hao watu walikuja kwanza kama wasimamizi wa kazi, si kama wasemaji. Mukataba wa Lisbon, ulioanza kutumika tarehe 1/12/2009, njo uliogeuza nyumba zao kuwa za Umoja wote. Leo ziko zaidi ya 140 duniani.

3. Nani anakaa ndani?

Mukubwa wa nyumba anaitwa balozi wa Umoja. Watumishi wengine wanatoka Bruxelles. Wengine wanaazimwa na serikali za zile inchi. Wote wanaongozwa na idara moja iliyoanza kazi tarehe 1/1/2011. Na pale inchi ni nyingi na watu ni wachache, nyumba moja inatumikia inchi nyingi: ile ya Suva, kule Fiji, inaangalia visiwa vingi vya Pasifiki. Bila hiyo, inchi ndogo ya Ulaya ingepata wapi feza ya kutuma mutu mpaka kule?

4. Yenye hafanye

Hapa njo tulikosea. Balozi wa Umoja hafukuze mabalozi wengine. Ambasade ya Ubelgiji iko, ya Ufaransa iko. Yeye anawaita, wanakaa pamoja, wanatafuta neno moja. Viza hatoe yeye. Zinatolewa na ambasade za inchi. Tena, katika mambo makubwa ya siasa ya inje, sherti zote 27 zikubali. Moja ikikataa, balozi ananyamaza.

Lakini kuna tunda moja zuri. Mutu wa Malta akipata hatari katika inchi yenye haina ambasade ya Malta, anaweza kubisha kwenye ambasade ya inchi ingine ya Umoja, nao sherti wamusaidie sawasawa na mutu wao.

5. Na sisi?

Umoja wa Afrika nao una wajumbe wake, kama vile Bruxelles, Genève na New York. Na tangu 2022 Kongo iko katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, yenye makao Arusha. Lakini Mukongomani akipotelewa na pasiporti katika inchi ya mbali yenye haina ambasade yetu, atabisha kwa nani? Hatuseme tuige Ulaya kila kitu. Tunasema tu: kidole kimoja hakivunji chawa, na inchi moja haiwezi kuwa na mulango kila mahali.

Maswali ya kujipima
a) Kwa nini Umoja sherti upatane na kila inchi inayopokea?
b) Wajumbe wa kwanza Afrika walikuja kufanya nini?
c) Nani anatoa viza?

Wewe wa kilasi cha pili, tunakuomba rehema. Uliza tena.

Prefe wa wanafunzi, kilasi cha sita