Somo la Wiki: Majira ya Joto Oman, Pwani, Bara na Dhofar



Joto limeshaingia na skuli zinakaribia kufungwa. Somo la leo linahusu hali ya hewa ya Oman kuanzia Mei mpaka Septemba. Wazazi, tunaomba mlisome pamoja na watoto, kwa sauti, kisha mfanye zoezi lililo mwishoni. Baadhi ya mambo yaliyomo ni ya usalama, kwa hiyo msiyaache yapite.

Kiangazi au majira ya joto?

Ukimpigia simu bibi yako Unguja mwezi wa Julai ukamwambia, "Bibi, huku ni kiangazi," atakuelewa, lakini atashangaa kidogo. Kwao kiangazi ni kile kipindi cha jua kali cha Januari na Februari, kabla ya masika. Mwezi wa Julai wao wako kwenye kipupwe: hakuna mvua nyingi, na usiku watu hujifunika shuka. Kwa hiyo sisi wa Oman ni vizuri tuseme "majira ya joto". Mwezi ni mmoja, lakini kwa bibi ni kipupwe na kwako ni moto.

Pwani: joto la fukuto

Maskati, Barka, Sohar na miji mingine ya pwani ya kaskazini hupata joto lenye unyevu. Mwezi wa Juni, mchana, joto la Maskati hufika kiasi cha digrii 40, na usiku mara nyingi halishuki chini ya 30. Bahari ikipata joto hutoa mvuke, na mvuke huo huijaza hewa. Joto la namna hii, linalobana pumzi na kukulowesha jasho, Kiswahili kinaliita fukuto.

Fukuto lina hatari yake. Mwili hujipoza kwa jasho, na jasho hupoza pale linapokauka. Hewa ikishajaa maji, jasho halikauki. Linatiririka tu, na mwili unazidi kupata moto. Ndiyo maana digrii 38 za Maskati zinaweza kukuchosha kuliko digrii 42 za jangwani.

Tena wakati mwingine upepo hutoka milimani ukashuka pwani ukiwa mkavu na wa moto. Mwezi wa Juni 2018, katika mji wa Quriyat, joto halikushuka chini ya digrii 42.6 kwa siku nzima, usiku na mchana. Habari hiyo ilisomwa dunia nzima, kwa sababu haikuwa imewahi kupimwa mahali popote siku ambayo kiwango chake cha chini kilikuwa juu hivyo.

Bara: jua kavu

Ukivuka milima ya Hajar ukaelekea Nizwa, Ibri, Adam na Fahud, unaingia kwenye joto jingine. Huko hewa ni kavu, mbingu haina mawingu, na mchana joto hupita digrii 45 mara kwa mara. Lakini jua likitua, mchanga huachia joto lake haraka na usiku huwa na nafuu kuliko pwani. Hatari ya huku ni kwamba jasho hukauka kabla hujaliona. Unadhani hutoki jasho, kumbe mwili unaishiwa maji. Kunywa maji kabla ya kuhisi kiu.

Joto hilihili ndilo linaloivisha tende. Mitende ya naghal huanza kuiva mapema, kisha hufuata aina nyingine kama khalasi, mpaka msimu unamalizika.

Milimani na Dhofar: upepo wa kusi

Kwenye uwanda wa Saiq, Jabal Akhdar, ulio kiasi cha mita 2,000 juu ya bahari, hali ya hewa huwa nzuri hata mwezi wa Julai. Lakini ajabu kubwa zaidi iko kusini, Salala.

Upepo wa kusi mnaoujua kwa babu zenu wa Unguja, Pemba na Mombasa haukomei huko. Hupita pwani ya Afrika Mashariki, huvuka Ikweta, hugeuka, kisha hufuata pwani ya Somalia mpaka Uarabuni. Unapopita karibu na pwani ya Dhofar husukuma maji ya juu ya bahari, na maji baridi hupanda kutoka chini. Hewa yenye unyevu ikipita juu ya maji hayo baridi hugeuka ukungu, na milima huuzuia usiende mbali. Basi kuanzia mwishoni mwa Juni mpaka Septemba milima ya Salala huwa ya kijani, manyunyu hudondoka, na joto huwa kiasi cha digrii 25 tu. Waomani huyaita majira haya kharifu.

Nyuma ya milima, ambako ukungu haufiki, ardhi ni kavu. Huko ndiko mibani mizuri hustawi, na ubani wake ndio unaofukizwa majumbani mwetu.

Majahazi ya zamani yalikwenda Zanzibar kwa upepo wa kaskazi na kurudi Sur na Maskati kwa upepo wa kusi. Manahodha walifanya haraka kufika kabla ya Juni na Julai, kwa kuwa wakati huo kusi huwa kali na bahari huchafuka.

Mambo ya kushika majira haya

Kwanza, saa za jua. Sheria ya Oman inakataza kazi za nje miezi ya Juni, Julai na Agosti, kuanzia saa sita na nusu mpaka saa tisa na nusu mchana. Ikiwa watu wazima wenye nguvu wanapumzishwa, na wewe usicheze mpira saa hizo.

Pili, gari. Usimwache mdogo wako ndani ya gari lililozimwa, hata kwa dakika chache. Joto la ndani hupanda upesi kuliko unavyodhani.

Tatu, wadi. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Hapa Oman ongeza neno: mawingu hayo yanaweza kuwa mbali nawe. Majira ya joto, mchana, ngurumo na mvua huanza ghafla juu ya milima ya Hajar, na maji hushuka wadini huku juu ya kichwa chako mbingu ni nyeupe. Mwezi wa Aprili 2024 mafuriko ya wadi yaliwachukua watoto wa skuli waliokuwa ndani ya gari. Maji yakipita barabarani, mwambie dereva kwa adabu: "Ami, tusubiri."

Nne, tufani. Gonu ilipiga Juni 2007 na Shaheen Oktoba 2021. Wazazi, fuateni matangazo ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, ambayo ndiyo inayotoa utabiri.

Mtu akipata kizunguzungu, akitapika au akianza kusema ovyo kwa sababu ya joto, mpelekeni kivulini, mpozeni kwa nguo za maji, na mpige 9999.

Maneno na vitenzi vyake

Jua huchoma. Joto huzidi au hupungua. Upepo huvuma. Mvua hunyesha. Ukungu hutanda. Radi hupiga. Bahari huchafuka au hutulia.

Zoezi la nyumbani

1. Saa ya ukutani inaonesha 3:30 mchana. Kwa Kiswahili ni saa ngapi?
2. Kwa nini usiku wa Ibri una nafuu kuliko usiku wa Maskati?
3. Eleza kwa sentensi tatu jinsi upepo wa kusi unavyoleta ukungu Salala.
4. Mpigie simu bibi au babu. Msalimie kwanza, kisha muulize: "Huko upepo gani unavuma sasa?" Andika jibu lake kama alivyolisema, na ulilete darasani wiki ijayo.