Mtoto Anayeogopa Watu

Tuseme una binti wa miaka minane. Nyumbani anaongea sana. Anawatania wadogo zake, anaimba akiosha vyombo, hata mbuzi anawagombeza. Lakini mgeni akipiga hodi, anakimbilia nyuma ya nyumba. Shuleni akiitwa jina haitiki. Akiulizwa swali hajibu. Amemaliza darasa la pili na mwalimu bado hajaisikia sauti yake.

Watu wanasemaje? Wengine wanasema ana kiburi. Wengine wanasema hana adabu, maana kwetu Unyamwezi mtoto hupiga magoti akamwamkia mkubwa. Wengine wanasema amelogwa. Na mwalimu huenda akamchapa ili aseme.

Mtoto huyu hana kiburi. Ana hofu. Mtazame vizuri siku moja. Moyo unamwenda mbio, mikono inatoka jasho. Asubuhi ya Jumatatu tumbo linamuuma; Jumamosi haliumi. Anataka kusema, lakini sauti haitoki. Ukimchapa mtu mwenye hofu, umemwongezea sababu ya kuogopa.

Si kila mtoto mpole ana tatizo. Wako watu wanyamavu tangu kuzaliwa, nao wanaishi vizuri. Tatizo lipo pale hofu inapomzuia mtoto kusoma, kucheza au kutumwa dukani, na inapoendelea miezi mingi. Kwanza mpeleke zahanati, apimwe masikio. Asiyesikia vizuri naye hunyamaza. Tena kumbuka lugha. Mtoto aliyelelewa kwa Kinyamwezi huingia darasani akakuta Kiswahili kitupu. Akikosea neno, wenzake wanamcheka. Huyo akinyamaza kwa muda, si ajabu.

Sasa, tumsaidie vipi? Tuwakumbuke wazee wetu wa njia ya misafara. Mwaka 1857 Mwingereza mmoja, Richard Burton, alifika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo. Aliandika kwamba watoto wa Kinyamwezi wa miaka sita au saba walibeba pembe ndogo za ndovu begani, wakijizoeza upagazi. Leo hatutaki mtoto awe mpagazi. Tunataka aende shule. Lakini tazama ile njia yao. Mtoto alianza na pembe ndogo. Na msafara wenyewe haukufika Bagamoyo kwa siku moja. Ulikwenda kituo hadi kituo.

Hofu nayo huondolewa hivyo. Wiki ya kwanza mgeni akija, binti akae karibu nawe tu. Usimlazimishe kusema. Akizoea, alete maji, ampe mgeni, aondoke. Baadaye aseme “mwangaluka”, hata kwa sauti ndogo. Kisha aende dukani na mtoto wa jirani, na yeye ndiye aombe chumvi. Ukiona kituo kimoja ni kigumu, rudini nyuma kidogo, mpumzike, mwendelee. Akifaulu, msifu palepale, lakini usimpigie vigelegele mbele ya watu. Atajificha tena.

Liko kosa moja tunalolifanya kwa upendo. Mgeni anamuuliza mtoto, “Hujambo, mama?” Kabla hajafungua mdomo, sisi tunajibu: “Huyu ana aibu huyu, hasemi.” Tumemjibia. Kesho pia atatungoja tumjibie. Nyamaza wewe. Hesabu moja mpaka kumi moyoni. Mpe nafasi.

Zungumza na mwalimu pia. Mwambie mtoto anaongea nyumbani. Mwombe aanze kwa kumwacha aonyeshe jibu kwa kidole, kisha amnong’oneze rafiki yake, kisha asome peke yake na mwalimu kabla ya kengele. Kusimama mbele ya darasa zima ni kituo cha mwisho.

Labda mtoto wako ni wa namna nyingine. Anapigana, anatukana, anavunja vitu. Kwa huyu watu wengi hukimbilia fimbo. Mwaka 2014 watafiti walitoa taarifa juu ya watoto 409 wa shule moja ya msingi hapa Tanzania. Karibu wote walikuwa wamewahi kuchapwa, nyumbani na shuleni. Waliochapwa zaidi na wazazi au walezi ndio waliokuwa na ukorofi zaidi. Utauliza: je, hawakuchapwa kwa sababu walikuwa wakorofi? Ni swali la haki, na yaweza kuwa yote mawili. Lakini dawa isiyopunguza ugonjwa, kwa nini tuizidishe? Chunguza ugomvi unaanza saa ngapi. Huenda ana njaa. Huenda wenzake wanamcheka kwa kuwa hajui kusoma. Mpe agizo moja fupi, si manne. Akilitimiza, mwambie umeona. Adhabu iwe ndogo na aijue mapema: leo huendi mpirani.

Jua pia kanuni. Kwa kanuni za mwaka 2002, shuleni anayeruhusiwa kuchapa ni mwalimu mkuu, au mwalimu aliyepewa idhini naye kwa maandishi. Viboko visizidi vinne, na viandikwe katika kitabu. Binti yako akichapwa na mwalimu yeyote tu kwa kuwa sauti haikutoka, nenda kwa mwalimu mkuu ukaseme kwa upole.

Hofu au ukorofi usipopungua, rudi zahanati uombe kuelekezwa hospitali ya mkoa, kama Kitete mjini Tabora, au kwa ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Unaweza kupiga simu 116, simu ya mtoto, hailipiwi. Mtaalamu atazungumza na mtoto na kucheza naye, na wewe atakuuliza mengi. Kwenda huko si kusema mtoto ni kichaa.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kijijini kwenu mtoto asiyeamkia wageni huitwaje? Jina hilo linamsaidia?
2. Taja vituo vitatu vya kumzoesha mtoto anayeogopa kwenda dukani.
3. Wewe ulipokuja darasa hili mara ya kwanza, uliogopa kusoma mbele ya wenzako? Nini kilikusaidia?