Mbegu ya nguruwe dume: dawa ya ndani ya chupa haifanyi kazi ya usafi



Mara nyingi mnatuuliza: "Namna gani nguruwe jike alikuwa na joto vizuri, tukamupandisha kwa chupa, na kisha siku 21 anarudia joto tena?" Sababu ziko nyingi. Leo tunasema juu ya moja isiyoonekana kwa macho: mikrobe ndani ya mbegu.

Mbegu ya ng'ombe inagandishwa ndani ya azoti, na pale mikrobe haziwezi kuzaana. Ya nguruwe ni ingine. Ikishuka chini ya nyuzi 15, inaharibika. Kwa hiyo tunaichunga kwa nyuzi 16 mpaka 18, hapana ndani ya frigo ya nyumbani. Lakini kwa joto lile mikrobe nazo zinakuwa na raha. Tena diliyuanti, ile maji ya kuongeza mbegu, ina sukari ya kuilisha, na mikrobe zinakula sukari ile ile. Zinaacha asidi, zinafanya mbegu zishikamane, na kisha siku mbili tatu mbegu haitembei tena.

Njo maana unga wa diliyuanti unauzwa ukiwa na antibiotike ndani, mara nyingi jentamisini. Wenye kuutengeneza walikwisha kuipima. Usiongeze ingine! Kufungua kapsuli ya dawa ya watu na kuimwanga ndani ya chupa si kuongeza nguvu: dawa ikipita kipimo, inaua mbegu yenyewe. Na kuna mikrobe zilizokwisha kuzoea jentamisini. Hizo dawa haizisumbui hata kidogo. Antibiotike inazuia mikrobe chache zilizobaki, haisafishe chupa chafu.

Kazi kubwa iko kwa dume mwenyewe. Mbele ya uume kuna kifuko kinachobaki na mkojo wa zamani, unaonuka sana. Pale njo nyumba ya mikrobe. Nywele za pale zikatwe. Mbele ya kuanza, kamua kifuko, pangusa kwa karatasi kavu. Vaa ganti mbili, moja juu ya ingine, na ya juu uitupe kisha kukamua. Ziwe za vinili, maana za lateksi zinadhuru mbegu. Maji ya kwanza yanayotoka usiyapokee, yaache yaanguke chini.

Unga ukorogwe na maji distile. Maji ya chemchemi, hata ukiyachemsha, yangali na chumvi zake.

Andika siku na saa juu ya kila chupa, na uigeuze polepole asubuhi na jioni. Ikiwa na harufu mbaya, itupe, hata kama uliilipa. Ukikosa kupandisha, umepoteza siku 21. Ukipandisha na mbegu chafu, jike anaweza kutoka usaha, na hapo utalipa pia munganga wa mifugo.