Mkataba wa Mchezaji na Mipaka ya Dhima: Kutoka Haruna hadi Lassana Diarra



Hapa Gisenyi hakuna haja ya kumtambulisha Haruna Niyonzima. Ni kiungo aliyezaliwa hapa, akaanzia Etincelles, akapita Rayon Sports na APR, na mwaka 2011 akaenda Yanga ya Dar es Salaam. Mwishoni mwa 2015 Yanga ilitangaza kuvunja mkataba wake na kumdai fidia. Baadaye wakapatana, akarudi kucheza. Mwaka 2017 mkataba ulipokwisha akahamia Simba, na baadhi ya mashabiki wa Yanga wakachoma jezi yake.

Kifikihi matukio haya mawili hayafanani. La kwanza ni dai ndani ya akidi iliyo hai: Suratul Maida inaanza kwa kuwaamrisha walioamini watimize mikataba, kwa hiyo pande zote mbili zina la kujibu. La pili halina dai lolote. Mkataba wa mchezaji ni ijara ya mtu, na muda wake ukiisha mwajiriwa yuko huru, hata kama anakwenda kwa watani wa jadi. Hasira ya jukwaani haiundi deni.

Swali gumu ni hili: mchezaji akidaiwa kwamba alivunja mkataba kabla ya muda, je, klabu inayomchukua baadaye nayo inadaiwa?

Lassana Diarra, kiungo Mfaransa na Mwislamu mwenye asili ya Mali, ameishi na swali hilo kwa miaka kumi. Alizaliwa Paris mwaka 1985, akachezea Chelsea, Arsenal, Portsmouth aliyotwaa nayo Kombe la FA 2008, na Real Madrid. (Arsenal na PSG, ambako alimalizia soka mwaka 2019, ni zile zile ambazo tumewahi kuziona na maneno ya kuitangaza Rwanda.) Mwaka 2013 alisaini miaka minne na Lokomotiv Moscow. Ukatokea mgogoro, na Agosti 2014 klabu ikavunja mkataba ikisema kosa ni lake. FIFA ikamwamuru alipe euro milioni 10.5, na mahakama ya michezo ya CAS ikaithibitisha hukumu hiyo mwaka 2016.

Hapo katikati, mapema 2015, Charleroi ya Ubelgiji ilitaka kumwajiri. Lakini kanuni za FIFA zilisema klabu mpya italipa fidia pamoja na mchezaji, na itachukuliwa kuwa ndiyo iliyomshawishi avunje mkataba mpaka ithibitishe vinginevyo. Cheti cha uhamisho nacho kingeweza kuzuiwa mgogoro ukiendelea. Charleroi ikaomba ihakikishiwe usalama wake, haikuupata, mpango ukafa. Mchezaji wa kiwango cha Madrid alikaa msimu mzima bila timu, hadi Marseille ilipomchukua Julai 2015.

Tuzipime kanuni hizo kwa mizani yetu. Suratul An'am aya ya 164 inafundisha kuwa mtu habebi mzigo wa mwingine. Ndiyo maana mafakihi wameijengea dhamana juu ya ridhaa: mdhamini ni yule aliyekubali mwenyewe kudhamini, si aliyetajwa tu na kanuni. Kuhusu ushahidi, Hadithi ya 33 katika Arbaini ya Imam Nawawi inaweka mzigo wa uthibitisho kwa mdai, na kiapo kwa anayekanusha. Kanuni ya FIFA ilimgeuza mdaiwa awe ndiye mwenye kuthibitisha.

Lakini tusiitumie hoja hii kumpendelea Diarra kwa kuwa ni ndugu yetu katika imani. Deni la mvunja mkataba ni deni, na hasara halisi ya mwajiri lazima ilipwe. Na klabu iliyomshawishi mchezaji kweli haiwezi kujificha, kwani Mtume (s.a.w.) alikataza mtu kuingilia biashara ya nduguye iliyokwisha kukubaliwa, na baadhi ya maulamaa wameipeleka hukumu hiyo hadi kwenye ijara. Ila ushawishi huo uthibitishwe kwanza.

Tarehe 4 Oktoba 2024 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kuwa kanuni hizo zinapingana na uhuru wa wafanyakazi kuhama na sheria za ushindani. Haikusema mikataba ivunjwe ovyo, ingawa wapo waliosoma vichwa vya habari wakaelewa hivyo. Mwaka 2025 ulipoanza, FIFA ilikuwa na kanuni za muda: klabu mpya inawajibika ikithibitika tu kuwa ilishawishi, anayedai ndiye anayethibitisha, na cheti cha uhamisho hakizuiwi kwa sababu ya mgogoro. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa fikihi atazitambua mbili za mwanzo bila kufungua kitabu.