Kupimwa Moyo Kabla ya Kuugua

Ndugu mmoja wa upande wa mashamba, nyuma ya Kilifi, alituletea swali katika darasa la baada ya Magharibi. Alisema kuwa wahudumu wa afya wapita majumbani kwao na kipimo cha presha, naye huwakatalia, kwa kuwa hana ugonjwa, na kupimwa hali mtu ni mzima aona ni kukosa kutawakali. Swali hili si lake peke yake. Wengi wetu wa mjini twalisema barazani, ila hatukupata ushujaa wa kuliuliza mbele za watu.

Kutawakali ni kazi ya nafsi, na kushika sababu ni kazi ya viungo. Hii haiiondoi ile. Abu Daud amepokea kuwa Saad bin Abi Waqqas, mmoja katika Masahaba wakubwa, aliugua, na Mtume (s.a.w.) akenda kumzuru. Akamwekea mkono kifuani, hata Saad akauhisi ubaridi wake. Kisha akamwarifu kuwa maradhi yake ni ya moyo, akamwelekeza kwa Al-Harith bin Kalada wa kabila la Thaqif, kwa kuwa yeye aijua kazi ya utabibu; na akataja tende saba za ajwa za Madina ziwe katika dawa yake. Wako wanazuoni walioisemea sanadi ya Hadithi hii, nasi hatulifichi jambo hilo. Lakini maana yake yapata nguvu kwa iliyomo katika Sahihi ya Muslim, kwamba Mtume alimpelekea Ubayy bin Kaab tabibu, akamkata mshipa kisha akapachoma kwa moto.

Tazameni, ndugu zangu. Mgonjwa ni Sahaba, aliyekuja kumzuru ni Mtume mwenyewe, na juu ya hayo amwelekeza kwa tabibu. Tena tabibu huyo wanazuoni wamekhitilafiana kama alisilimu au hakusilimu. Basi ni nani leo katika sisi atakayesema kuwa hirizi aliyoandikiwa yamtosha?

Ama kusema kuwa ajali ikifika hairudi, ni kweli. Lakini Sayyidna Umar alipopata khabari njiani kuwa tauni imeingia Shamu, aliwarudisha watu wake. Abu Ubaida alipomuuliza kama aikimbia kadari ya Mungu, alimjibu kuwa waikimbia kadari Yake kuiendea kadari Yake.

Presha ni nguvu ambayo damu yasukumia kuta za mishipa. Ikizidi, aghlabu haimwumizi mtu kwa miaka mingi: alima, avua, akwea mnazi, naye ajiona mzima. Siku moja mdomo wapinda na mkono walegea; jamaa wasema amepigwa na upepo, na saa ambazo daktari angeweza kumfaa zapotea katika kutafuta kombe. Au miguu yavimba, na pumzi zambana akilala chali. Wasema amekanyaga alichotegewa, kumbe ni moyo uliochoka kwa mzigo wa miaka. Ndugu yetu asema hana ugonjwa. Amejuaje? Ugonjwa huu haujulikani kwa kuuhisi, wajulikana kwa kupimwa. Na kipimo hakileti presha, kama vile taa haileti nyoka chumbani.

Hesabu ya 120 kwa 80 ni njema. Ikikutwa imefika 140 kwa 90 au kuzidi, tena katika siku mbalimbali, hiyo ni presha yenye kuhitaji daktari. Mwenye kupimwa na akae dakika 5 ametulia, ameegemea, nyayo zikiwa chini na mkono usawa wa moyo, wala asiwe amekunywa kahawa katika nusu saa iliyopita. Sharti hili la mwisho twajua ni zito kwa watu wa Pwani. Mtu mzima apimwe japo mara moja kwa mwaka. Udhuru wa nauli nao umepungua, kwani mwaka wa 2023 Serikali ya Kenya iliwatoa wahudumu wa afya wa jamii kiasi cha 100,000, na katika mikoba yao mna kipimo cha presha na cha sukari.

Liko jambo jingine, nalo twaliogopa zaidi, kwa kuwa lawapata watoto. Mtoto aumwa koo na homa, apewa maji ya chumvi asukutue, apona. Baada ya wiki mbili tatu magoti yavimba, kisha vifundo vya miguu, kisha viwiko. Maumivu yaondoka, lakini vilango vya moyo huenda vimekwisha haribika. Akikua akaolewa, mimba yaongeza damu mwilini, moyo washindwa, apumua kwa shida. Mumewe ampeleka kupungwa pepo! Mtoto mwenye koo la homa apelekwe zahanati. Penisilini kwa wakati wake huuzuia msiba huu. Na ambaye moyo wake umekwisha guswa hupigwa sindano kila wiki 3 au 4 kwa miaka, na kila sindano moja ina kazi yake.

Ndugu yetu aliongeza kuuliza kama mkewe naye apimwe. Twamwambia: yeye asiachwe nyuma, na akiwa mjamzito ana haki zaidi. Kama hapana mhudumu mwanamke, basi apimwe na mwanamume, naye mumewe au maharimu wake awepo.

Chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku, pamoja na iliyomo katika papa mkavu, ng'onda na achari. Walio katika dawa za presha waonane na daktari kabla ya Shaabani kwisha, ili ikiwezekana vidonge vya mchana vihamishiwe futari au daku. Wala mtu asiviache kwa kuwa presha imeshuka, kwani imeshuka kwa hivyo vidonge.