Kumwajiri Mtu Mwenye Akili ya Kubuni

Somo letu leo ni juu ya jambo ambalo wengi katika matajiri wetu hulikimbia, nalo ni kumwajiri mtu asiyetosheka na kutenda aliloamrishwa tu, bali hutafuta njia mpya ya kazi na ya chumo.

Desturi yetu katika miji ya pwani ni kumpenda mtumishi mtiifu asiyeuliza. Duka likiwa dogo huyo atosha, kwani jicho la mwenye mali laona kila kitu. Walakini biashara ikikua, ikawa na matawi mawili au matatu, jicho hilo halifiki tena, na kila neno humngojea mtu mmoja. Akiugua yeye, kazi nayo huugua. Akifa, milango hufungwa na watoto wakagawana madeni. Basi yatupasa tujiulize: ni nani tuliyemweka afikiri wakati sisi hatupo?

Na tutazame mifano miwili, mmoja wa mbali na mmoja wa hapa petu.

Wa mbali ni wa Marekani. Mwaka 1956 William Shockley, mtaalamu aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka huo huo, alianza kazi ya kutengeneza transista huko California, akachagua vijana hodari kabisa wa elimu hiyo. Kuchagua alijua, kukaa nao hakujua. Aliwashuku, hata akataka wapimwe kwa mashine ya kugundua uwongo, na shauri lao juu ya kazi hakulisikiliza. Mwaka 1957 wanane kati yao wakatoka pamoja, wakapata mtaji kwa tajiri Sherman Fairchild, wakaanzisha Fairchild Semiconductor. Kazi ya Shockley haikustawi baada ya hapo. Na huko Fairchild nako, Robert Noyce aliporukwa katika kupewa uongozi, alitoka mwaka 1968 pamoja na Gordon Moore, wakaanzisha Intel.

Wa hapa petu ni M-Pesa. Nick Hughes alikuwa mwajiriwa wa Vodafone ya Uingereza, naye akaleta shauri la kutumia simu kuwafikishia huduma za fedha watu wasio na benki. Hakuambiwa ashike kazi yake anyamaze. Serikali ya Uingereza ilitoa sehemu ya gharama na kampuni sehemu, na mwenzake Susie Lonie akaletwa Kenya. Jaribio la mwaka 2005 lilikusudiwa wakopaji walipe mikopo yao kwa simu. Lakini watu wakaanza kupelekeana fedha wao kwa wao. Wenye kazi walipoona hivyo hawakung'ang'ania shauri la kwanza, wakaligeuza, na Machi 2007 Safaricom ikaifungua M-Pesa kwa watu wote.

Katika haya tunapata mafunzo manne.

Kwanza, tumjue mtu kabla ya kumwajiri. Tusitazame vyeti tu. Tumwulize: umepata kuanzisha nini bila ya kuamrishwa, na kilipoharibika ulifanya nini? Aliyeuza mahamri akajua hesabu ya unga na mafuta yake ni bora kuliko mwenye maneno matamu.

Pili, apewe uhuru wenye mipaka: mtaji maalumu, muda maalumu, na hesabu ya kila mwezi. Jaribio likiwa dogo, likiharibika halivunji nyumba.

Tatu, apewe haki yake, kwani mkono mtupu haulambwi. Na fiqhi imekwisha tubainishia: ajiri ana ujira wake unaojulikana, biashara ipate isipate, ama mwenye kufanya mudharaba hupata fungu la faida waliloafikiana, kama nusu au theluthi, wala si shilingi zilizokatwa mbele. Mtaji ukipotea bila ya taksiri yake, hasara ni ya mwenye mali, na yeye amepoteza jasho lake. Tusiyachanganye mawili haya, kwani ugomvi mwingi wa ndugu hutoka hapo. Tuandike.

Nne, si kila kazi yamtaka mtu huyu. Mshika daftari na mshika ufunguo watakiwa wafuate kanuni, wasibuni. Wakikusanyika wabunifu watupu, hapatakuwa na wa kufunga mlango jioni.

Huenda msomaji akasema: "Atajifunza kwangu, kisha afungue duka mkabala wangu." Twasema, huenda ikawa hivyo. Lakini wale wanane hawakutoka siku waliyoajiriwa. Walitoka baada ya kunyimwa sikio na kuvunjiwa heshima. Na atokaye kwa wema huenda akarudi kuwa mshirika au mnunuzi, ilhali atokaye kwa uchungu huondoka na wateja. Zaidi ya hayo, mwenye kuwaogopa wenye akili husalia na wasioweza kumwambia kuwa amekosea, na hiyo ndiyo hasara isiyoandikwa daftarini.

Basi, ndugu zetu wenye maduka na makampuni, kabla ya kumtafuta mtu huyo nje, mtazameni aliye ndani. Pengine yumo miongoni mwa watumishi wenu kijana aliyeleta shauri mwaka jana, akaambiwa: "Wewe pima sukari." Mwiteni, mumsikilize.