Somo la Mkazi: Mbawakawa wa Ardhini na Silaha Yake ya Kemikali

Ukigeuza jiwe, gogo au rundo la majani shambani, huenda ukamkuta mdudu mweusi mwenye miguu mirefu akikimbia kujificha. Huyo ni mbawakawa wa ardhini. Wengi wetu humponda papo hapo. Somo hili linaeleza jinsi anavyojikinga, kwa nini anafaa kuachwa hai, na hatua za kuchukua akikurushia kemikali yake.

Anavyojikinga
Mbawakawa hawa huishi na kuwinda chini, mahali palipo na vyura, mijusi, ndege na siafu. Badala ya kutegemea mabawa, wengi hutegemea tezi mbili zilizo kwenye ncha ya tumbo. Tezi hizo hutengeneza kemikali kali ya kumfukuza adui.

Jamii moja ya Afrika, Stenaptinus insignis, hufyatua kemikali ya moto. Kila tezi yake ina vyumba viwili. Chumba cha ndani huhifadhi mchanganyiko wa haidrokwinoni na haidrojeni peroksaidi. Chumba cha nje kina vimeng'enya. Mdudu akishikwa, husukuma mchanganyiko huo kwenye chumba cha nje, na papo hapo hutokea joto la karibu nyuzi 100 za Selsiasi, sawa na maji yanayochemka. Oksijeni inayotokea husukuma nje kemikali chungu iitwayo benzokwinoni, kwa mlio unaosikika. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 1990 ulionyesha kuwa hutoka kwa mapigo ya haraka, takriban 500 kwa sekunde. Mdudu huyu anaweza kulenga mbele, nyuma na hata juu ya mgongo wake.

Silaha hii hufanya kazi hata baada ya kumezwa. Mwaka wa 2018, watafiti wa Chuo Kikuu cha Kobe, Japani, waliwapa vyura mbawakawa wa aina hii. Asilimia 43 ya mbawakawa waliomezwa walitapikwa wakiwa hai, baada ya dakika 12 hadi 107.

Wengine, wa jamii ya Anthia, ni wakubwa, weusi, na mara nyingi wana madoa meupe. Hawa hurusha asidi ya fomiki. Katika jangwa la Kalahari, kuna mjusi ambaye watoto wake ni weusi wenye alama nyeupe na hutembea wakiwa wamekunja mgongo, wakimwiga mbawakawa huyu ili wasiliwe.

Faida yake shambani
Mbawakawa wengi wa ardhini hula viwavi, mayai ya wadudu na konokono wadogo. Mkulima anayenyunyizia dawa ya wadudu ovyo humuua mlinzi huyu pamoja na mharibifu. Acha matandazo na ukanda wa nyasi pembeni mwa shamba ili apate maficho, na nyunyiza dawa pale tu inapohitajika.

Akikurushia kemikali
• Ngozi: osha kwa maji mengi na sabuni. Alama ya kahawia inaweza kubaki kwa siku kadhaa.
• Jicho: usilisugue. Lioshe kwa maji safi yanayotiririka kwa angalau dakika 15, kisha nenda kituo cha afya kilicho karibu. Usitie maziwa wala dawa ya miti shamba.
• Watoto: wafundishwe kutomshika wala kumsogeza karibu na uso.

Usimchanganye na Nairobi fly
Nairobi fly ni mbawakawa mdogo, mwembamba, mwenye rangi nyekundu na nyeusi, anayeongezeka wakati wa mvua. Yeye harushi kitu. Sumu yake, pederini, imo ndani ya mwili, na humwagika akipondwa kwenye ngozi. Malengelenge hutokea baadaye, mara nyingi siku ya pili, hivyo mtu huenda asijue chanzo. Akitua mwilini, mpulize aondoke. Ukimponda kwa bahati mbaya, osha mahali hapo kwa sabuni mara moja na usiguse macho.

Kwa ufupi: wote wawili hujikinga tu wanaposhikwa au kubanwa. Ukimwona mbawakawa wa ardhini shambani, mwache aendelee na kazi yake. Kwa ushauri zaidi kuhusu wadudu wa shambani, muone afisa wa kilimo wa wadi yako.